Maji Hayajanikataa

Jumanne, Aprili

Kwa hiyo si maji. Tangu niolewe hapa Ifakara, mama mkwe anasema ngozi yangu inawaka kwa sababu maji ya huku yamenikataa, mimi Msukuma wa kuja. Nami nimekuwa nikichemsha maji ya kuoga kama mjinga, kuni zinaisha, na viwiko vinaendelea kupasuka.

Leo nimekwenda hospitali, na daktari hakugusia habari za maji. Aliuliza tu, "Inazidi wakati gani?"

Nikajikuta namjibu, "Tukienda shambani kuamia, kufukuza ndege, mpunga ukichanua."

Akasema wengi wenye pumu ya ngozi huchokozwa na chavua, lile vumbi la maua, ila mmea unaowasumbua hutofautiana mahali na mahali. Atanipima ahakikishe.

Nikampigia dada yangu Shinyanga, maana naye ana ngozi kama yangu. Yeye huwashwa migunga ikitoa maua. Kwenye majaruba ya mpunga anashinda kutwa bila shida. Tumbo moja, ugonjwa mmoja, na kila mtu na ua lake la kumtesa. Tumecheka sana.

Kinachonitia wasiwasi ni binti yangu Neema, ameanza kujikuna nyuma ya magoti. Lakini sasa najua pa kuanzia: kuangalia inamzidi wakati gani.

Jioni nimemwambia mama mkwe kuwa msimu huu nitabaki kupika, kuamia waende wengine. Akanitazama.

"Na maji je, mwanangu?"

Nimechota ndoo ya maji ya kisima, ya baridi vilevile, nikaingia bafuni nikaoga huku naimba, asikie.