Gia iliyokufa

Jumanne, Tabora

Na fundi baiskeli wa Kanyenye bado anaamini amenisaidia.

Habu, kile kitovu cha gurudumu la nyuma, niliiagiza Dar kwa ajili ya baiskeli ya mashindano ya mjukuu wangu Neema, ile isiyo na friwili: gurudumu likizunguka, pedali nazo zinazunguka. Gia ya nyuma niliiwazia sana. Meno kumi na tano yangemchosha kwenye upepo, kumi na saba yangemchelewesha. Nikachukua kumi na sita. Tangu tukimbie Burundi nimezoea kupokea ninachopewa. Hii niliichagua mwenyewe. Jana nikamwachia fundi aifunge kwenye gurudumu.

Leo nilikuwa msibani Chemchem, Neema akaenda kuchukua gurudumu.

“Babu, fundi kasema friwili yako ilikuwa imekufa, hairudi nyuma hata kidogo. Kakuwekea nzima, kama za wabeba mkaa.”

“Na ile ya kwanza?”

“Kaitupa kwenye vyuma chakavu.”

“Wewe hukumwambia ndivyo inavyotakiwa?”

“Alikuwa amefurahi mno, babu.”

Nilikwenda mbio, kibanda kimefungwa. Mashindano ni Jumamosi, na mnunuzi wa chakavu hupita asubuhi mapema.

Kesho lazima nimtangulie, nimwombe fundi anirudishie ile iliyokufa. Na nimshukuru kwanza.