Usije Kujifungua Nyumbani

Sinwol-dong, Seoul
Jumapili, mwishoni mwa Oktoba

Dada yangu mpendwa Hye-rin,

Naanza kwa kukuulizia wewe kabla ya mtu mwingine yeyote, kwa kuwa siku hizi ukiulizwa hali wewe, wameulizwa wawili. Je, miguu bado inavimba jioni? Kichefuchefu kimekuacha, au bado huwezi kukaa karibu na samaki, jambo ambalo kwa mkazi wa kisiwa cha Jeju ni sawa na kutoweza kukaa karibu na majirani? Shemeji Gong-u naye anaendeleaje? Mwambie machenza aliyotuma yalifika salama, na Mama akayagawa mtaa mzima kwa fahari kana kwamba ameyapanda kwa mikono yake. Sisi huku miili ni mizima. Mioyo nitaieleza kadiri barua inavyoendelea.

Huenda ukashangaa kuandikiwa barua ilhali simu ipo. Unaijua nyumba yetu, ilivyo chini ya njia ya ndege zinazotua. Sisi wa Sinwol tumekua tukinyamaza katikati ya sentensi, ndege ipite, kisha tuendelee pale pale neno lilipokatikia. Shemeji alipokuja mara ya kwanza alidhani Mama amepoteza fahamu akiwa ameshika kijiko. Maneno niliyo nayo leo sipendi yakatwe, wala sipendi Mama ayasikie kupitia ukuta.

Nitayasema bila kuzunguka. Mama ameamua usije Desemba kujifungulia hapa. Ameniagiza nikuandikie kwamba magoti yanamsumbua, kwamba hawezi tena kupanda ngazi wala kuinama kumwogesha mtoto, hivyo ubaki huko ulelewe na mama mkwe wako. Hayo ndiyo maneno niliyotumwa. Magoti yake hayana neno, Dada. Jana tu ameshuka kilima cha soko na kukipanda tena, kabichi mbili kwapani. Lakini nakujua: nikikuandikia kwamba Mama anaumwa magoti, nitakuwa nimekuita. Utakuja siku hiyo hiyo, na tumbo lako. Kwa hiyo nakuandikia sababu yenyewe, na nakuomba kwa heshima yote niliyo nayo kwako: usije.

Usidhani hakutaki. Mwezi uliopita alikwenda sokoni kununua mwani wa supu yako ya uzazi. Mwenye duka, kwa kuwa ni mwani wa mzazi na kuukunja ni mkosi, hakuukunja wala kuukata. Alimkabidhi mzima, mrefu kumpita Mama mwenyewe, naye akapanda nao basi akiwa ameusimamisha wima kama bendera. Abiria wakalalamika kwamba unawachoma. Akawajibu, “Vumilieni, huyu ni mjukuu wangu anapita.” Mama Tae-o, jirani yetu, alipomwona akipanda ngazi akamtania kutoka dirishani, “We Mama Hye-rin, unakwenda kuvua au kupigana?” Mama akamwambia, “Nakwenda kuwa bibi. Wewe endelea kuchungulia.” Chumba chako cha zamani alikipiga karatasi mpya ukutani. Moto wa chini ya sakafu aliujaribu usiku mzima kama unashika vizuri, hata mimi niliyelala chumba cha pili nikaamka nimeiva. Na kila ndege ikishuka juu ya paa letu husema, “Hiyo imetoka kwa Hye-rin.” Na kweli nyingi zinatoka huko.

Sasa niruhusu nikueleze kazi yangu, ambayo kwenye simu huwa unaikatiza kwa kucheka. Tangu nihitimu nimeajiriwa na kampuni ndogo inayopima hewa, na nimekabidhiwa mashine inayohesabu chembe ndogo mno, ndogo kuliko zile zinazotangazwa kwenye simu zetu. Nikueleze tofauti yake kwa uangalifu, maana yote yamesimama juu yake. Simu zetu huonyesha rangi ya buluu hewa ikiwa njema na nyekundu ikiwa mbaya, na rangi hiyo hutokana na uzito wa vumbi. Chembe zinazotoka kwenye injini za ndege hazina uzito wa kutajika. Kuzitafuta kwa njia ile ni kama kutaka kupima harufu kwa mizani ya viazi: mizani haitasogea, na muuzaji ataapa kwamba hakuna kitu. Ila ni nyingi kupita kiasi, na kwa udogo wao hazikomei mapafuni. Huingia kwenye damu, na damu huzipeleka inakokwenda yenyewe.

Mkuu wangu aliniruhusu kuichukua mashine mwisho wa juma ili nijifunze kuitumia vyema. Nikaiweka juu ya paa letu tambarare. Nakiri kwamba nilikuwa na shauku ya kuandika ripoti ambayo ingesomwa na watu wakubwa kuliko mkuu wangu. Ilikuwa siku nzuri ya vuli, simu zote za mtaa ziko buluu, upepo unatoka kaskazini-magharibi, na Mama ameanika nguo. Ndege ikapita. Kwa muda hakikutokea kitu. Kisha namba zikapanda kama maziwa yanayochemka, zikashuka polepole, na kabla hazijatulia ikaja nyingine. Harufu ile ya mafuta ya taa ambayo mimi na wewe tuliiita harufu ya nyumbani ikanifikia puani wakati huo huo.

Hapo ndipo nilipoona kosa letu sote. Upepo wa kaskazini-magharibi ndio unaosafisha anga na kuzifanya simu ziwe buluu. Na upepo huo huo ndio unaozilazimisha ndege zishukie upande wetu, kwa kuwa hutua zikiukabili. Siku ambazo vumbi limejaa angani tunavaa barakoa na kufunga yale madirisha mazito tuliyowekewa kuzuia kelele. Siku za buluu tunayafungua yote. Watu wa Sinwol tunaivuta hewa hiyo kwa makusudi, Dada, tena kwa kushukuru, siku zile zile moshi unapotua juu yetu.

Nilialikwa niyaeleze hayo kwenye ukumbi wa wazee. Nilivaa suti ya mahafali na kuandaa picha. Mzee Ok, yule fundi saa mstaafu, alinisikiliza hadi mwisho, kisha akasema, “Kijana, vumbi linatoka Uchina. Hata mtoto wa chekechea anajua.” Mwingine akadai kwamba moshi hupanda juu haushuki, na kama huko chuo kikuu moshi wao hushuka basi waangalie paa lao. Nikaeleza kwamba mabawa ya ndege husukuma hewa chini na moshi hushuka nayo. Mama Tae-o akaniuliza, “Kwa hiyo unataka tufunge madirisha simu zikiwa nyekundu, tufunge zikiwa buluu. Tuvute pumzi lini, mwanangu? Sikukuu?” Wakacheka, nami nikacheka nao. Mama alikuwa amekaa nyuma, karibu na viatu vya mlangoni. Hakucheka. Alikuwa akitazama picha yangu ya mwisho, ile iliyoeleza kwamba uchunguzi wa nchi nyingine umewaona wanawake wanaoishi upande ambako upepo hupeleka moshi wa viwanja vya ndege wakijifungua kabla ya wakati mara nyingi zaidi kuliko wengine. Mstari huo niliupita haraka kwa sababu muda ulikuwa unaniishia.

Siku iliyofuata mchana nilimkuta jikoni akikata figili. Hakuinua uso. Aliniuliza kama ile mashine inaweza kuhesabu hewa ya zamani. Nikamweleza kwamba haiwezi, huhesabu iliyopo tu. Akauliza tena, kama enzi zile, ndege kubwa za kwenda ng'ambo zilipokuwa bado zinatua hapa, hewa ilikuwa na hizo chembe. Nikamjibu kitaalamu kwamba bila shaka zilikuwepo, na huenda zilizidi za sasa. Nilijibu vizuri, Dada. Nilijibu kama mtu aliye mbele ya watahini.

Najua mwanamke mjamzito hasimuliwi jambo ninalokaribia kusimulia. Nimelipima siku kadhaa. Nisipolisema utakuja, nikilisema utaumia lakini utabaki uliko. Nimechagua uumie. Tafadhali, kabla hujaendelea, mwite Shemeji akae karibu nawe.

Unakumbuka ulipokuwa bado hujaanza shule, Mama akalazwa hospitali, ukaambiwa amepasuliwa kidole tumbo? Hakupasuliwa kidole tumbo. Alijifungua mtoto wa kiume, njiti, mimba ikiwa ya miezi saba. Aliishi siku mbili. Baba alikwenda kumzika akiwa na mjomba, na Mama hakuonyeshwa mahali. Walikubaliana kwamba halitatajwa, na halikutajwa mpaka Baba naye akatutoka.

Mama alinieleza pale pale jikoni kwamba miezi yote ya mimba ile alikuwa juu ya paa na wanawake wenzake, wakimenya vitunguu saumu kwa ajili ya wauzaji wa sokoni. Walichagua siku za anga safi. Aliziita siku nzuri. Alinisimulia kwamba harufu ya vitunguu ilimchosha, hivyo kila upepo ulipovuma aliuelekezea uso na kuvuta pumzi ndefu, kwa kuwa bibi yetu alikuwa amemfundisha kwamba mtoto aliye tumboni hunywa pumzi ya mama yake. Alifika hapo akanyamaza katikati ya neno. Nikasubiri kama tunavyosubiri siku zote. Nilisubiri kwa muda mrefu kabla sijatambua kwamba hakuna ndege iliyokuwa ikipita.

Kisha akaniuliza, “Ndiyo iliyomuua?”

Nikamjibu kwamba haiwezekani kujua. Nilimweleza kwamba uchunguzi huhesabu wanawake maelfu, haumwoni mmoja. Kwamba wewe ulizaliwa katika nyumba hii hii ukiwa mzito, na sauti ya kusikika hadi kituo cha basi. Kwamba njiti huzaliwa hata vijijini kusikopita ndege. Kila nilichosema ni kweli. Akanisikiliza kwa adabu, kama anavyowasikiliza madaktari. Akasema, “Wewe uliyekuja baada yake, mimba yako niliilelea kwetu kijijini. Nilimwambia baba yako nataka mbogamboga. Sikutaka mbogamboga. Niliogopa tu, sikujua naogopa nini.” Kisha akasema, “Mashine kubwa hivyo, na bado hamjui. Basi. Mwandikie dada yako asije. Mwambie magoti.”

Nilimwuliza kwa nini tusikueleze ukweli. Alinijibu kwamba nusu ya maisha yake amejiuliza ni kitu gani alikula, ni mzigo gani aliinua, ni neno gani baya alisema, mpaka akazoea. Na kwamba hataki kuanza upya kujiuliza kuhusu upepo, wala wewe uanze kujiuliza kuhusu mtoto wako akiwa bado ndani. Nikapendekeza basi yeye aje kwako Jeju. Mara ya kwanza alikataa kwa hasira. Alisema, “Mimi nipande lile dude, likamwage moshi juu ya mama mwingine aliyeanika nguo zake? Sipandi.” Nikamkumbusha kwamba ipo treni mpaka Mokpo, na meli kutoka hapo. Hakusema ndiyo, Dada, lakini baadaye nilimsikia akimwuliza Mama Tae-o kama kichefuchefu cha meli kina dawa.

Kwa hiyo ninalokuomba ni hili. Mpigie simu wewe, kama mtoto anayedeka. Mwambie unamtaka yeye, huwezi kunywa supu ya mkono mwingine, mama mkwe wako amekubali na chumba kipo. Usimtajie hewa wala ndege. Usimtajie mtoto yule mpaka atakapokutajia mwenyewe, na huenda asikutajie kamwe. Mimi nitamsindikiza mpaka bandarini. Ripoti yangu nimeiandika na kuikabidhi. Mkuu wangu ameisifu kwa umakini wake, akaniambia niondoe maneno yote yanayohusu wanawake wajawazito, kwa kuwa hatukuajiriwa kuyapima hayo. Bado sijayaondoa. Nitakujulisha kama nitakuwa bado na kazi utakapojifungua.

Nilimwuliza Mama kama mtoto yule alipewa jina. Alisema Baba alikuwa amechagua moja, lakini halikuandikishwa popote. Nilipouliza ni lipi, alinitazama, akanitengeneza kola ya shati, akasema, “Unaitwa hilo kila siku.”

Mfikishie Shemeji salamu zangu za heshima, na wazazi wake pia, na umwombe radhi mama mkwe wako kwa usumbufu tunaomletea. Jifunike vizuri, upepo wa baharini unadanganya. Ule, hata kama ni kidogo. Mkono wako mmoja uweke tumboni kwa niaba yangu, umwambie aliyemo asiwe na haraka.

Wako katika heshima na mapenzi,
mtoto wa tatu wa mama yetu,

Yeom Gyu-won