Kuku Ndani ya Pijo

Ndugu, nimeaibika. Unajua betri ya gari la baba, ile Pijo, inaisha chaji kila usiku? Nilimlaumu fundi Makokha, nikabandika shairi la kumsuta kwenye mlango wa gereji yake pale Ekero.

Leo amekuja mwenyewe. Hakugusa waya hata mmoja. Amefungua mlango wa nyuma, akamkuta kuku wa mama amelalia mayai kitini.

Mama akasema, "Namwachianga mlango wazi kidogo, asikose hewa."

Kidogo, anasema. Wiki tatu, kwa sababu ya mlango huo, taa ya ndani inawaka usiku kucha na kumaliza betri.

Nikangoja matusi. Makokha akatoa shairi langu mfukoni. "Kijana, gari ni zima. Lakini mshororo wako wa tatu umepungua mizani moja."

Nimehesabu mara nne. Umepungua.