Siku Nilipomnyamazia Mkaguzi

Mpendwa Mwalimu Boay,

Habari ya kifo chako nimeipata wiki tatu baada ya wewe kuzikwa, kwa mtu aliyepanda huku Ngorongoro kununua ng'ombe. Aliitaja kwa kupita tu, kisha akaendelea na bei.

Nakukumbuka darasa la sita pale Karatu, ukitufundisha Kiingereza. Walimu wengine walitukaririsha kitabu. Wewe ulipanga magunzi na maharage juu ya dawati, ukasema hilo ni duka. Mmoja aliuza, wengine walinunua, nawe ulijibana benchi la nyuma na miguu yako mirefu, ukisubiri zamu yako ya kuulizia sabuni. Tukikwama ulisema, “Endelea tu, mteja anasubiri.” Mwalimu mkuu alichungulia dirishani akauliza kama hii ni shule au mnada. Ulicheka kuliko sisi.

Mkaguzi alipokuja, ulimwomba awe mteja, ukanichagua mimi niwe muuzaji kwa kuwa nilikuwa na mdomo kuliko wote. Alikuwa mzee wa mvi. Nilimsogelea, nikainamisha kichwa, nikangoja aniwekee mkono utosini, maana kwetu Wamaasai mtoto haanzi kuongea na mzee kabla ya salamu hiyo. Yeye hakuijua. Nikazidi kuinama, nikazidi kungoja. Akatazama saa yake.

“Huyu hajui hata kusalimia,” akasema. Wenzangu nao wakaogopa, hakuna aliyefungua mdomo.

Ukaamriwa urudi kwenye kitabu, na kabla muhula haujaisha ukahamishwa. Nilikuja kukusaidia kufunga mizigo. Ulikuwa unakunja shati lile lile mara ya pili, mara ya tatu.

“Labda nilikuwa najidanganya, Naserian,” ulisema. “Hamkuwa mmejifunza kitu.”

Nilitaka kukueleza. Kwa aibu nikasema tu, “Safari njema, Mwalimu,” nikatoka. Miaka yote hii nimekuwa nikijiambia nitakuandikia likizo ikifika. Mwalimu, inaniuma sana.

Ulikuwa hujui jambo moja. Kila jioni tulipoenda kuchota maji, bila wewe, bila mkaguzi, tuliongea Kiingereza njia nzima. Tulitaniana kwacho, tukagombana kwacho nani atangulie kukinga ndoo. Ungepita njia ile mara moja tu, ungetusikia.

Pumzika, Mwalimu.

Mwanafunzi wako,
Naserian