Matanga ya Mchungaji

Kakamega, 8 Februari 1965

Kwa dada Navalayo,

Nakusalimu wewe, shemeji na ng'ombe wenu huko Lugari. U mzima? Mimi nipo, ila nimekonda. Kola ya uchungaji inanizunguka shingoni kama ya kuazima.

Naona haya kukueleza. Jumamosi, mazishini Shianda, nilifungua kinywa nimwombee marehemu, nikaombea ndoa: "Bwana, hawa wawili wazae, waijaze nchi." Watu wakaangua kicheko kaburini. Nami nikacheka. Kisha nikashindwa kuendelea, mzee wetu wa kanisa, Cleophas, akamalizia. Tangu mwaka jana nilipomzika mke wangu Jael na kuongoza ibada mimi mwenyewe, maneno yananikimbia. Silali. Naogopa nitapanda mimbarani siku moja nibaki mdomo wazi.

Mdogo wako, Patroba

Lugari, 20 Februari 1965

Patroba ndugu yangu,

Huku hatujambo, ila magoti yangu hayataki kusikia habari ya jembe. Hiyo ndoa ya marehemu imenichekesha, nisamehe. Halafu nikaketi chini.

Wewe hukufiwa, Patroba. Ulifanya kazi. Wengine wakifiwa tunaenda, tunalia nao, tunalala matanga. Kwako tulikukuta umeshika Biblia, tukangoja utufariji sisi! Nilitaka kukukumbatia ukaniambia, "Keti dada, tuimbe." Nami mjinga nikaimba.

Waambie wazee unaumwa. Uje upumzike.

Dada yako, Navalayo

Kakamega, 15 Machi 1965

Dada,

Poleni na kupanda. Niliwaambia. Wakauliza, "Panauma wapi?" Ungekuwa mguu ningewaonyesha. Cleophas akasema, "Mchungaji akilia, kundi litamlilia nani? Funga, uombe." Nikafunga. Nilichopata ni njaa.

Jana nilifungua Biblia mimbarani, nikaifunga. Waliimba mpaka nikashuka. Sijui kama nitapanda tena. Usijisumbue kujibu.

Mdogo wako, Patroba

Kakamega, 9 Aprili 1965

Dada,

Ulifika salama? Najua barua yangu haikuwa na jibu la kuandikwa, lakini ungenionya! Watu wako kwenye matangazo kanisani, mara mlango wazi, wewe na wanawake wa Lugari: "Woi! Jael, woi! Umemwachia nani Patroba!" Cleophas akaja mbio: "Mama, hii ni ibada!" Nawe: "Na huyu ni mfiwa. Sogea."

Kanisa zima likalia, tena kwa ajili yangu. Nami nikalia kama ndama aliyefungiwa nje. Mkalala matanga kwangu, mkasonga ugali wetu, obusuma, mkasimulia Jael alivyonifukuza kitandani kwa kukoroma kwangu.

Sijapona, nisikudanganye. Asubuhi bado ni nzito. Lakini mchungaji wa Lubao amenipokea mazishi kwa sasa, na jioni Cleophas huja kuketi nami tu, hata haombi. Jana akauliza, "Jumapili nani atahubiri?"

"Wewe."

"Na wewe je?"

"Nitaketi benchini."

Akawaza. "Basi keti karibu na mlango, ili ukishikwa na kilio utoke..." Akakuna kichwa.

"Hapana, mchungaji. Keti mbele."

Mdogo wako, Patroba