Barua ya Mwende

Muthetheni, Jumamosi, Agosti 1998

Hasira haijaniisha hata sasa. Leo binti yangu Mwende alikuwa akiiandikia barua ile familia ya ng'ambo inayomsomesha. Mama wa ofisi ya mradi wa ufadhili akamwambia, "Andika huna baba. Watakuhurumia zaidi."

Na mimi nimekaa pale pale, kofia mkononi!

Mwende akanitazama. "Baba, niandike?"

"Usiandike. Mimi niko hai."

"Mzee, unataka mtoto akose shule?" yule mama akanifokea.

Nikachukua kalamu, nikaandika chini ya barua: Mimi ndiye babake. Asanteni sana.

Sijui kama yule mama ataituma. Mvua imekosa kunyesha, karo siiwezi, na wale wa ng'ambo wakimwacha... Naogopa. Lakini sikubali binti yangu anizike nikiwa hai.