Baba, Watu Hawaji Tena Sinema

Kawangware, Nairobi
Jumapili, baada ya adhuhuri

Baba yangu mpenzi,

Shikamoo. Assalaam aleikum, wewe na wote waliokuzunguka hapo barazani. Riziki dada yangu, najua msomaji ni wewe, basi soma pole pole na usiruke mahali hata pakiwa pachungu. Baba akiuliza "amesema nini hapo?" umwambie nilivyosema mimi, usimpambie.

Macho vipi, Baba? Nimesikia la kushoto sasa linaona ukungu mtupu, na la kulia ndilo linalokufikisha msikitini. Dawa ya matone unatia, au chupa bado imekaa dirishani inaota jua? Nakujua. Na goti je? Na yule jirani mnayegombana naye kwa ajili ya paka, mmepatana au bado? Sisi huku tu wazima. Mejumaa mke wangu ana mafua yasiyomwacha tangu baridi ianze, na Saumu mjukuu wako amenipita urefu, sasa ananiangalia kwa juu kama mwalimu mkuu. Mimi mwili ni mzima. Moyo ndio umechoka, na sababu yake ndiyo barua hii.

Ulimwambia Riziki aniandikie mambo mawili. La kwanza, kwamba baada ya Idi unapanda basi kuja Nairobi, ukae siku moja katika ukumbi wangu, katikati kabisa, uone picha moja kubwa kabla macho hayajafunga duka. La pili, uliniuliza kwa ukali: kwa nini watu hawaji? Nafanya kosa gani mimi, ilhali ulipokuwa mwonyeshaji wa sinema Mombasa watu walikuwa wanapigania mlango? Ningeweza kukujibu kwa simu. Lakini kwa simu ungenikata katikati, nami ningepata mwanya wa kusema "mambo sawa tu, Baba," kama nilivyosema mwaka mzima. Basi nimekaa chini kuandika. Tafadhali usikate tiketi ya basi kabla Riziki hajafika mwisho.

Mambo si sawa. Hayajakuwa sawa kwa muda mrefu, na nilikuficha kwa sababu kazi hii nimeipata kwako na niliona haya. Ghorofa ya juu ya ukumbi ilifungwa zamani, ikaachiwa panya. Ya chini ilibaki na safu chache za viti ambavyo havijachanika. Sheria ya tajiri, mwenye jumba, ilikuwa kwamba akikata tiketi hata mtu mmoja, picha inaonyeshwa. Asipokuja mtu, mashine haiwashwi. Kwa hiyo kila mchana nilikaa kwenye chumba cha mashine nikingoja sauti ya Nduku, mama wa tiketi. Siku nyingine alinipigia kelele kutoka chini, "Mbwana, leo ni mmoja. Washa!" Siku nyingi zaidi alisema, "Mbwana, shuka tunywe chai."

Jumatano moja ya mvua alikuja mtu mmoja peke yake, mchuuzi, na begi lake la soksi. Wimbo wa taifa ulipopigwa kabla ya picha, kama kawaida, alisimama wima kama raia mwema. Mimi nami huku juu nikasimama. Tulikuwa wawili katika jumba zima. Wimbo ulipokwisha akakaa, akalilaza begi kwenye kiti cha pili, akalala usingizi mpaka picha ikaisha. Alikuwa amekata tiketi ili akimbie mvua. Nilimpunguzia sauti kidogo.

Kwa hiyo uliponiuliza kosa langu, nilikasirika. Nilikuwa na wangu wa kuwalaumu, tena wengi. Wale vijana wa vibanda wanaokujazia picha za wizi kwenye flashi. Kumbi mpya za Karen na Westlands, zenye viti vya kulalia na mahali pa kuacha gari. Watu wanaoogopa kukanyaga katikati ya jiji giza likiingia. Tajiri mwenyewe, ambaye choo kiliharibika akatundika karatasi mlangoni badala ya kuita fundi. Lakini Riziki aliandika maneno yako kama ulivyoyatamka: "Usiniambie unavyodhani wewe. Nenda kawaulize wasiokuja." Hata ukiwa mbali unajua kunikalisha.

Basi nilikwenda kwa Mzee Mutisya. Huyu ni mzee wa Machakos, mstaafu wa serikali, anakaa Woodley, kwenye zile nyumba za zamani za baraza la jiji karibu na Barabara ya Ngong. Kwa miaka mingi alikuja kila Jumamosi na mkewe, akiwa na tai shingoni, wakakaa safu ileile. Kisha wakapotea. Nilifikiri labda mmoja wao amefariki. Nikaulizia dukani nikaonyeshwa mlango, na Mzee mwenyewe akanifungulia, mzima kabisa, amevaa malapa.

"Mbwana wa sinema! Kuja ndani, kuja. Nani amekuonyesha kwangu?"

"Nimeuliza, Mzee. Ulipotea, nikasema nije nikujulie hali."

"Sijapotea, niko tu. Keti hapo. Unakunywa ya maziwa ama strungi?"

Baba, ukutani palikuwa na televisheni pana kama kitanda. Mwanawe alimletea. Mkewe alikuwa kwenye kochi, mguu umevimba, ameupumzisha juu ya stuli, na mjukuu wao Ndinda, msichana wa chuo, alikuwa anatafuta picha ya kutazama. Alipoipata nikaijua mara moja. Ni picha ambayo bango lake nilikuwa nimelibandika mimi mwenyewe mlangoni kwetu asubuhi ile, kwamba inaanza Ijumaa.

"Uncle, hii ndio mnaanza Ijumaa?" Ndinda aliniuliza. "Sisi tuko nayo tangu juzi."

"Mmeitoa wapi?"

Alicheka. "Iko tu kwa mtandao."

Alisema kama mtu aliyeulizwa maji yanatoka wapi. Nikamgeukia Mzee, nikaamua kumuuliza waziwazi. "Mzee, niambie kama mtoto wako. Mliacha kuja kwa nini? Ni bei? Ni viti? Ni choo?" Nilikuwa nimejiandaa kuomba msamaha kwa lolote.

Akafikiri, akanywa chai, akafikiri tena. "Hakuna siku nilisema nimeacha," alisema. "Mama aliumwa mguu, nikasema tutaenda wiki ingine. Hiyo wiki ingine mvua ikakuja. Halafu hii TV ikaletwa. Halafu... sikukumbuka."

"Hukukumbuka?"

"Usikasirike, Mbwana. Ilikuwa mzuri sana. Tulikuwa tunaipenda. Lakini sikuikumbuka."

Hilo ndilo jibu lako, Baba. Ningependa angenitukana. Ukitukanwa unajua pa kushika, unatengeneza, unarudi kumwambia mtu, haya, njoo sasa. Mtu aliyekusahau bila ubaya wowote utamwambia nini? Nilikaa na kikombe mkononi nikaona aibu kubwa kuliko ile niliyokuja nayo.

Wakaanza kutazama, nami nipo. Mama akataka maji, Ndinda akaisimamisha picha. Simu ya Mzee ikalia, ikasimamishwa tena. Palikuwa na mwanamke pale kwenye picha ameinua mkono kumpiga mumewe kofi, na mkono ukabaki hewani mpaka Mzee akamaliza kuulizia ng'ombe wake aliyezaa Machakos. Nikakukumbuka wewe. Uliwahi kunisimulia siku mkanda ulipokatika katikati ya pigano, watu wakapiga miluzi na kutikisa viti, nawe ukaunganisha mkanda mbio mbio, kwa sababu watu walikuwa wanaingoja picha. Pale Woodley picha ndiyo iliyokuwa inawangoja watu, na hakuna aliyeona ajabu.

Na sasa nikuambie lililoniuma zaidi. Nilikusudia kikombe kimoja cha chai niondoke. Nilikaa mpaka mwisho. Mama Mutisya alinipakulia muthokoi, yale mahindi ya kukobolewa ya Wakamba, kochi lilikuwa laini, nikacheka walipocheka wao. Nilifurahi, Baba. Ilipoisha niliwashukuru nikaenda zangu, na nilikuwa nimeshafika barabarani nilipogundua kwamba sikuwaambia hata neno moja la kuwaomba warudi sinema. Mimi, mwonyeshaji wa sinema, mtoto wa mwonyeshaji wa sinema.

Jumatatu tajiri alituita sote ukumbini. Si mtu mbaya, na hakusema mengi. Jumba limekodishwa kwa kanisa, na mashine imepata mnunuzi. Nduku alilia palepale. Mimi sikulia, niliinua mkono kama mwanafunzi. Nikamwambia, "Tajiri, baba yangu anakuja baada ya Idi. Ndiye aliyenifunza kazi hii. Nipe onyesho moja tu, hata asubuhi, la mtu mmoja." Aliniangalia kwa huruma, akasema baada ya Idi hapa patakuwa na watu wengine. Alhamisi walikuja watu wanne wakaibeba mashine. Niliwashikia mlango, kwa sababu walikuwa wanaigonga gonga ukutani na sikuweza kuvumilia.

Leo asubuhi nilipita kuchukua thamosi yangu niliyoisahau kule juu. Ukumbi ulikuwa umejaa mpaka mlangoni, wengine wamesimama na watoto migongoni. Sijauona umejaa hivyo tangu nianze kazi. Nilisimama nje nikiwaangalia kwa wivu, Mungu anisamehe. Watu wapo, Baba, na bado wanapenda kukaa pamoja na kutazama mbele. Ni sisi tu ambao walikuwa hawatuhitaji.

Usidhani nimekaa bure. Nilikwenda Karen kuomba kazi kwenye ukumbi mmoja wa kisasa, wakanionyesha binti mmoja na kompyuta yake, anaendesha vyumba vyote peke yake huku anakula bisi. Nikaaga kwa adabu. Sasa kuna fundi mmoja ananichukua kwa vibarua, tunatundika televisheni kwenye kuta za watu. Ndiyo, umesikia sawa, Riziki usirudie. Juzi nilikuwa Muthangari, kwenye fleti mpya, natoboa ukuta. Mwenye nyumba akaniuliza, "Fundi, mtu akiketi hapa ataona vizuri?" Nikakaa katikati ya kochi lake, nikafumba jicho moja kama ulivyonifundisha, nikamwambia tuishushe kidogo. Alifurahi sana. Njiani nikirudi nilijichukia.

Nisalimie Mama Mdogo aliyetulea, mwambie lile shuka alilonipa bado ndilo ninalojifunika. Nisalimie mjomba fundi cherehani, na mwalimu wangu wa Kurani kule chuoni kama bado anauliza habari zangu. Usimwambie habari za kanisa, atazipata polepole. Mume wa Riziki asalimiwe, na huyo jirani wa paka pia. Mejumaa anasema anakubusu mkono.

Na kuhusu safari yako. Nilipomweleza Saumu kwamba sijui nitakuandikiaje, aliinua kichwa kwenye simu yake akasema, "Kwani Babu lazima aangalie kwa ukuta? Si yeye huona vitu za karibu tu. Ile siku tulikuwa kwake Kisauni alisoma jina yangu kwa simu mwenyewe, akiishika hapa kwa pua." Nilimkaripia. Baadaye nikawaza, na nikaona mtoto amesema kweli. Kwa macho hayo, kwenye skrini yangu ungeona mwanga tu na ukungu unaotembea. Mimi ningeshuka mbio kukuuliza, "Baba, umeona?" Nawe ungeniambia umeona, ili nisivunjike moyo, na tungerudi nyumbani kila mmoja amemdanganya mwenzake.

Sasa kata tiketi ukitaka. Sinema hakuna, lakini njoo kwangu. Nitakupokea stendi, nitakuleta hapa Kawangware, na Saumu atakushikia simu karibu kabisa na jicho la kulia, mahali unapoona. Simu ni ndogo, Baba. Ikiwa pale karibu na jicho lako, sisi tuliokaa kando hatutaona kitu. Utaona peke yako, nasi tutangoja utuambie kuna nini.

Mwanao akupendaye,
Mbwana